Mlinzi wa Nguo

Mtaani kwetu Nzovwe, Mbeya, mama hakuwa na haja ya kukuuliza kama umetoka kuogelea. Alikuita, akakushika mkono, akapitisha ukucha juu ya ngozi. Ukucha ukiacha mstari mweupe kama wa chaki, basi ulikuwa mtoni, na fimbo haikuwa mbali. Wavulana wa rika langu walikuwa wameshaujua mtihani huo. Walificha kichupa cha mafuta ya mgando chini ya jiwe, na kabla ya kurudi nyumbani walijipaka mikono, miguu na shingo mpaka waking'aa kama watoto wanaopelekwa kanisani. Macho mekundu hayakuwa na dawa. Kuhusu macho walisema ni vumbi.

Mimi sikuhitaji mafuta kwa sababu sikuingia majini. Msichana alikuwa na kazi mbili mtoni, kuchota na kufua. Mimi nilikuwa na ya tatu ambayo hakuna mzazi aliyeijua. Nilikuwa mlinzi wa nguo.

Mahali penyewe palikuwa shimo lililoachwa na wachimba mchanga kwenye kona ya mto. Kiangazi maji yalifika magotini. Baada ya mvua shimo lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyejua chini kukoje. Wavulana walivua nguo, wakanikabidhi, wakajirusha. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikiwa nimeupa mto mgongo, uso wangu ukitazama njia. Nilitazama njia kwa sababu huko ndiko ilikotoka hatari tuliyoijua: mzazi, mwalimu, kaka mkubwa wa mtu. Nikimwona yeyote napiga mluzi, nao wanatoka wanakimbilia migombani. Ujira wangu ulikuwa pingili mbili za muwa.

Nilikuwa pia nazikunja zile nguo. Hakuna aliyenituma. Mama yangu aliuza mitumba soko la Sido, na mtoto wa muuza mitumba hawezi kuona shati limetupwa chini akaliacha hivyo. Unarudisha mikono nyuma, unakunja katikati, kola inabaki juu. Kila mtu na fungu lake, na juu ya kila fungu jiwe dogo ili upepo usibebe.

Siku moja ya Aprili 2008, tukitoka shule, walikuwa watano. Nilikuwa na miaka tisa.

Walikuwa wanashindana nani atakaa chini ya maji muda mrefu zaidi. Nilikuwa nawasikia nyuma yangu wakihesabu, wakicheka, wakibishana kwamba fulani ameiba pumzi. Kisha kelele zikapungua. Sikugeuka. Njia ilikuwa nyeupe, haina mtu, na kazi yangu ilikuwa njia. Baadaye mmoja akaja kwenye jiwe akitetemeka, akachukua fungu lake. Wengine watatu wakafuata. Walivaa bila kujifuta na bila kujipaka mafuta. Fungu moja likabaki, shati jeupe na kaptula ya bluu.

"Na huyu?" niliuliza.

"Ametokea upande wa pili," akasema mkubwa wao. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Leo hakuna aliyekuja mtoni. Umesikia? Hakuna."

Nilisikia. Nilirudi nyumbani, mama akapitisha ukucha kwenye mkono wangu kama kila siku, na mkono wangu ulikuwa safi.

Giza lilipoingia mama yake alianza kumwita mtaani. Halafu zikaja tochi, halafu kengele ya kanisa. Sisi watano tuliobaki, kila mmoja kitandani kwao, tulikuwa tunajua pa kumtafuta, na hakuna aliyefungua mdomo. Watu waliliona fungu la nguo juu ya jiwe usiku, na yeye wakampata karibu na alfajiri. Kuokoa mtu aliyezama ni kazi ya dakika. Sisi tuliwanyima watu wazima saa nzima nzima, na tulifanya hivyo kwa sababu tuliogopa fimbo.

Baada ya mazishi wazee walizungushia shimo miiba na mwenyekiti wa mtaa akatangaza marufuku. Kufikia mvua za mwaka uliofuata wavulana walikuwa wamepata shimo jingine, mbali zaidi na nyumba.

*

Nilikuja Iringa mwaka 2023 kusoma shahada ya uzamili katika mipango ya mazingira. Ukitokea Mbeya kwa basi unapita Makambako, unapita Mafinga, kisha barabara inateremka, na kabla hujaanza kuupanda mlima kuingia mjini unavuka mto hapo Ipogoro. Ni Ruaha Mdogo. Unatoka nyanda za juu za Mufindi, unazunguka chini ya mji wa Iringa, unaendelea hadi Kalenga na kwenda kujiunga na Ruaha Mkuu, na hatimaye maji yake yanafika bwawa la Mtera na kugeuka umeme.

Mji wenyewe uko juu, mto uko chini. Jina Iringa linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, na ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga, kando ya mto huu huu, mpaka Wajerumani walipoibomoa mwaka 1894. Miaka miwili baadaye wakaanzisha mji mpya juu kilimani, mahali panapotazama bonde lote. Ukisimama juu ya jiwe la Gangilonga jioni unauona mji ulivyokaa: maduka, makanisa, msikiti, ofisi, vyote vimejipanga kilimani. Mto unaupata ukiutafuta. Mji umeupa mto mgongo. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilihisi kitu tumboni, nikajiambia ni njaa.

Tasnifu yangu ilihusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mimi nilitaka kujua nini hasa kinafanyika ndani ya hizo mita 60 pale Ipogoro. Kwa miezi kadhaa nilikaa ukingoni na daftari, asubuhi na jioni. Niliandika: kuosha magari na bodaboda. Kufua. Kuchota maji ya kujengea. Kufyatua tofali. Kunywesha ng'ombe. Ubatizo, Jumapili. Kilimo cha vinyungu, yale matuta ya bondeni ambayo watu wa Iringa wamelima tangu zamani wakati wa kiangazi, ili mboga na mahindi mabichi yapatikane huku mashamba ya juu yamekauka.

Bibi mmoja mwenye kinyungu cha mchicha ndiye aliyenifundisha kusalimia vizuri. "Kamwene," nilisema, nikapita. Akaniita nirudi. "Mwanangu, kamwene si ya kutupa kama jiwe. Unasimama, unaitikiwa, ndipo unapita." Kuanzia siku hiyo nilisimama, na kwa kusimama nikaanza kuona.

Nilimpelekea msimamizi wangu rasimu ya kwanza ikiwa na jedwali la matumizi saba na picha kumi na mbili. Alisoma kimya. Halafu akaweka kidole juu ya picha ya tano, ya waosha magari. Nyuma ya lori, pembeni kabisa, kulikuwa na vichwa vinne vyeusi juu ya maji.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanaogelea, Dokta."

Akafungua picha ya nane. Vichwa vitatu. Picha ya kumi na moja, mtoto yuko hewani, amejirusha kutoka kwenye mzizi wa mti.

"Kwenye picha zako wamo," akasema. "Kwenye jedwali hawamo. Wamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa ofisini. Nilikuwa nimekaa ukingoni miezi kadhaa, nimehesabu ndoo na ng'ombe, na watoto waliokuwa mbele ya macho yangu sikuwahesabu.

*

Niliporudi Ipogoro nilikwenda moja kwa moja walipo. Kuna kona ambapo mto unapunguza mwendo, ukingo wa ndani una mchanga, ukingo wa nje ni kina. Wavulana walikuwa sita, na waliponiona walitoka wakakimbia, kwa sababu mtu mzima mwenye daftari ni mtu wa serikali. Aliyebaki alikuwa msichana wa miaka minane hivi, amekaa juu ya gogo, anatafuna muwa. Kando yake kulikuwa na mafungu sita ya nguo. Alikuwa ameupa mto mgongo.

"Hujambo?"

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe huogelei?"

Alinitazama kama vile nimeuliza kama anaendesha ndege. "Mimi nalinda."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nilikaa muda mrefu hata wavulana wakachoka kujificha, wakarudi mmoja mmoja, wakaingia tena majini. Niliwahesabu. Sita. Niliwahesabu tena. Tangu siku hiyo sijawahi kuangalia watu wanaoogelea bila kuhesabu, na sidhani kama nitaacha.

Usiku huo nilianza sura mpya ya tasnifu. Kichwa chake kilikuwa kirefu na cha kitaaluma, lakini maana yake ilikuwa moja: tuwape hawa watoto ufukwe.

*

Nasema ufukwe nikijua neno hili kwetu ni la Pwani. Ufukwe ni Coco Beach siku ya Jumapili, ni mihogo na mishikaki. Kwetu nyanda za juu anayetaka ufukwe husafiri mpaka Matema, kule Kyela, ambapo milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja kwenye Ziwa Nyasa na kina mama wa Ikombe wanaleta vyungu kwa mitumbwi. Au huenda kwenye bwawa la hoteli, akalipa kiingilio ambacho kwa familia nyingi za Ipogoro ni chakula cha siku mbili. Kwamba mto unaopita mjini ungeweza kuwa na sehemu ya kuogelea, iliyo wazi kwa kila mtu, bila kiingilio, ni wazo ambalo sijalisikia kwenye mkutano wowote wa mipango niliohudhuria.

Kwingine limefanyika. Copenhagen walifungua bwawa la kuogelea ndani ya bandari yao mwaka 2002, kwenye maji ambayo kwa miongo mingi yalipokea majitaka. Paris walipiga marufuku kuogelea katika mto Seine mwaka 1923, na tarehe 5 Julai 2025 wakafungua sehemu tatu za umma, baada ya kutumia takriban euro bilioni 1.4 kuusafisha mto. Nilichokipenda katika habari ya Paris hakikuwa hizo fedha. Ni bendera. Maji yanapimwa kila siku. Yakiwa salama inapandishwa ya kijani, mvua ikinyesha na uchafu ukaingia inapandishwa nyekundu na watu wanabaki nje. Mji ule haudai kwamba mto ni salama siku zote. Unamwambia mwananchi leo mto ukoje, kisha unaweka mtu wa kuangalia.

Nikachora. Kwanza mahali. Maji ya bomba ya Iringa yanatoka mto huu huu, kwenye chanzo cha Ndiuka, kwa hiyo waogaji hawawezi kuwekwa juu ya chanzo. Lazima wawe chini yake, na juu ya mahali popote panapoingia majitaka. Masharti hayo mawili pekee yalifuta zaidi ya nusu ya ramani yangu. Kisha msimu. Kuanzia Desemba hadi Aprili mto ni wa kahawia na una nguvu. Hakuna kuogelea, bendera nyekundu moja kwa moja. Juni na Julai ni baridi ya Iringa, na anayeijua hahitaji marufuku. Inabaki Septemba hadi Novemba, joto kabla ya mvua, maji yakiwa machache na tulivu. Kwa hiyo ufukwe wangu ni wa miezi mitatu. Na kwa sababu sheria inakataza vitu vya kudumu ndani ya mita 60, hauna saruji. Una nguzo za miti, kamba yenye maboya inayoonyesha kina kinaishia wapi kuwa cha mtoto, kibao cha bendera, choo kilichojengwa nje ya zile mita 60, na watu wawili waliofundishwa kuokoa, wanaolipwa. Mvua ikikaribia, vyote vinavunjwa na kuwekwa stoo.

Kisha kuna kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, yaani mahali pale pale ambapo mtoto anapenda kuogelea. Vimelea vinatoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, na dalili inakuja baadaye, damu kwenye mkojo. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini ukitibiwa na kurudi kwenye maji yale yale unaambukizwa upya. Kwa hiyo majani ya ukingoni lazima yafyekwe kila wiki, konokono wachunguzwe, na kile choo kitumike kweli, kwa sababu bila mkojo na kinyesi kuingia mtoni konokono hana cha kubeba. Sura hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote. Kuna siku nilitamani kuifuta na kusema tu kwamba mto haufai, watoto wakae nje. Lakini hilo lilishasemwa Nzovwe mwaka 2008, na miiba ikawekwa.

*

Nilipowasilisha kwenye semina ya idara, ukumbi ulicheka mara moja tu, pale niliposema Paris. Kisha mwanafunzi mwenzangu, mtu ninayemheshimu, akanyoosha mkono.

"Dada, kuna mitaa hapa mjini bomba linatoka maji mara mbili kwa wiki. Wewe unataka watu waogelee?"

Watu waligonga meza. Ni swali la haki, na lilikuwa limenizuia usingizi hata kabla hajaliuliza. Nilimjibu kwamba watoto hawajatuuliza. Wanaogelea leo jioni, saa kumi, tukiwa bado humu ndani. Hatuamui kama mto wa Iringa uwe na waogaji, kwa sababu tayari unao. Tunaamua kama kuna mtu atakayekuwa anawaangalia.

Nilisema pia kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, na kwamba watoto ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Nilisema kwamba sisi Watanzania tunajua kuomboleza maji. MV Bukoba 1996, MV Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018. Bendera zilishushwa nusu mlingoti na kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Lakini mtoto mmoja akizama kwenye shimo la mchanga, msiba unaishia mtaani kwao. Nilisema kwamba Nungwi, Unguja, kuna mradi wa Panje uliowafundisha wasichana na kina mama kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, kwenye jamii ambayo mwanamke kuingia majini halikuwa jambo la kawaida. Kama imewezekana kule bila kuvunja heshima ya mtu, Ipogoro haiwezi kushindikana.

Mwalimu mmoja wa nyuma akauliza nimejifunza wapi kuogelea.

"Sijui kuogelea," nikasema.

Ukumbi ulinyamaza. Mtu mmoja akakohoa. Msimamizi wangu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo nilijua angeniita ofisini, na aliniita, na huko ndiko nilikomweleza mtu kwa mara ya kwanza kuhusu lile fungu la nguo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga dirisha, akasema, "Nenda nyumbani kwanza. Sura ya tano itakusubiri."

*

Mama alikuwa amefungua belo sebuleni, anachambua mashati. Nilikaa chini nikaanza kukunja naye, kwa sababu ni rahisi kusema mambo mikono ikiwa na kazi. Nilimwambia yote. Yeye hakuacha kukunja.

"Tulijua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mama yake alikuja hapa wiki ile ile, na lile shati. Akaliweka mezani. Limekunjwa, mikono nyuma, kola juu. Akaniambia, mwanangu tangu azaliwe hajawahi kukunja shati. Nani mtaa huu anakunja hivi?" Mama alinyoosha shati alilokuwa nalo mapajani. "Nikashindwa kujibu. Akasema, usimuulize. Usimpige. Huyo naye ni mtoto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nilikuwa nasubiri wewe uniambie."

Miaka kumi na saba tulikuwa tunasubiriana, watu wawili ndani ya nyumba moja, na mwanamke wa tatu nyumba tatu kutoka pale.

Nilikwenda kwake kesho yake jioni. Alikuwa anapepeta mchele. "Ugonile, mama," nilisema, nikapiga magoti, akanipa kigoda. Nilisema nilichokuwa nimekuja kusema, na sikujitetea, ingawa njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kujitetea. Ungo ulisimama. Alikaa kimya mpaka nikasikia kuku wakipigania chenga za mchele chini ya ungo. Halafu akaniuliza swali moja.

"Walikuwa wanacheka?"

"Walikuwa wanacheka, mama. Walikuwa wanashindana pumzi, na wanacheka."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Basi," akasema, na akaendelea kupepeta. Nilipoinuka kuondoka akanifungia mchele kwenye mfuko. Nimeubeba hadi Iringa. Mpaka leo sijaweza kuupika.

*

Tuna methali inayosema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu aliieleza kwamba ukianza jambo ulimalize. Kwangu ina maana nyingine, kwamba mtoto akishavua nguo hakuna marufuku itakayozirudisha mwilini, na kilichobaki kwetu watu wazima ni kuamua tutasimama wapi. Sisi tumesimama njiani na fimbo. Watoto wakaweka mlinzi, na wakamwelekeza njiani, atuangalie sisi.

Tasnifu bado haijakamilika. Halmashauri haijaniahidi chochote, na sioni ajabu. Nimewapelekea mchoro wenye masharti mengi na manufaa yasiyohesabika kwa shilingi. Sampuli chache za maji za mwanafunzi mmoja hazitoshi kumwambia mzazi yeyote kwamba mto ni salama, na nimeandika hivyo kwa herufi nzito. Jumamosi nakwenda kwenye bwawa la hoteli, nalipa kiingilio, najifunza kuelea pamoja na watoto wa watu wenye uwezo, ambao wananicheka kwa upole. Kupiga mbizi bado. Kuweka masikio chini ya maji kunanishinda, kwa sababu chini ya maji huwezi kusikia kama kelele zimepungua.

Kwenye mchoro wa mwisho nimeongeza kitu kimoja ambacho hakipo kwenye mwongozo wowote nilioupata. Ni benchi la mbao, karibu na mahali pa kuacha nguo. Nimechora mshale kuonyesha upande linaotazama, ili fundi asikosee. Linatazama majini.

Oktoba hii, joto lilipokuwa limezidi, nilishuka tena Ipogoro bila daftari. Yule msichana alikuwa juu ya gogo lake, ameongezeka kimo, mafungu kando yake, uso njiani.

"Geuka uwaangalie wao," nilimwambia.

"Nikigeuka, njia ataangalia nani?"

"Mimi."

Alifikiri kidogo. Kisha akanyanyua miguu, akaizungusha juu ya gogo, akatazama mto. Mimi nikakaa nikitazama njia, mgongo wangu na wake vikigusana. Nyuma yangu wavulana walikuwa wanapiga kelele, na njia ilikuwa nyeupe, haina mtu.

"Wako wangapi?" nikamuuliza.

"Saba."

Nikangoja kidogo.

"Na sasa?"

"Saba, dada," akasema.